Uso kukonda kwa umri: sababu zake, matibabu yake, na hatari ya kinini za kunenepesha

Mashavu yanaingia ndani, mashimo yanaonekana chini ya macho, mapanja yanabonyea, na mistari miwili inashuka kutoka pua hadi pembe za mdomo. Kwa watu wengi waliopita miaka 40, hiyo ni kazi ya umri. Lakini katika miji kama Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, uso uliokonda haupiti bila maneno. "Umekonda sana, kuko nini?" huulizwa sokoni, kanisani na kwenye matanga. Nyuma ya swali hilo kuna mashaka ya njaa, ya mawazo mengi, au ya ugonjwa ambao watu hawataji jina.

Aibu hiyo husukuma watu, zaidi sana wanawake, kununua kinini za kunenepesha bila karatasi ya muganga. Uso unajaa kwa wiki chache, na jirani wanasifu. Wakati huo huo dawa inadhoofisha mfupa, misuli na ngozi, yaani vitu vile vile ambavyo umri ulikuwa ukipunguza polepole.

Nini kinatokea chini ya ngozi?

Zamani wengi walifikiri kwamba uso unazeeka kwa sababu ngozi inalegea tu na kushuka. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha mambo mengine. Mwaka 2007, waganga wawili wa upasuaji wa Dallas, Marekani, Rod Rohrich na Joel Pessa, walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya maiti: walipiga sindano za rangi ya bluu katika mafuta ya uso na kuangalia inasambaa wapi. Rangi haikuenea kote. Ilibaki ndani ya sehemu zenye mipaka. Mafuta ya uso si blanketi moja. Ni mifuko mingi midogo, mingine karibu na ngozi, mingine ndani karibu na mfupa.

Mifuko hiyo haizeeki pamoja. Ile ya ndani, katikati ya shavu, hupungua mapema. Ya juu yake inakosa mto wa kuegemea na kushuka kidogo. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na shavu lililobonyea juu na nyama inayoning'inia karibu na taya.

Mfupa nao haubaki ulivyokuwa. Watafiti wa Rochester, Marekani, walichunguza picha za skana za watu 120 wa umri mbalimbali, nusu wanawake, nusu wanaume. Waliona kwamba kadiri miaka inavyopita, matundu ya macho yanapanuka, mfupa wa taya la juu unarudi nyuma, na taya la chini linapungua. Ni kama nyumba ambayo nguzo zake zimefupishwa: hata paa likiwa zima, litalegea.

Meno yana nafasi kubwa katika jambo hili. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika huanza kuliwa na mwili, kwa sababu hauna tena kazi. Mtu aliyepoteza meno mengi ya nyuma hupoteza kile kilichosukuma shavu nje, na midomo yake huingia ndani. Wengi wanaoonekana wazee wa miaka 70 wakiwa na 55 wana shida ya meno kuliko shida ya ngozi.

Ngozi yenyewe inapoteza kolajeni, ile nyuzi inayoifanya iwe ngumu. Kwa wanawake upungufu huo unaongeza mwendo baada ya damu ya mwezi kukoma.

Na ngozi nyeusi?

Ngozi nyeusi ina kinga kubwa zaidi dhidi ya jua, na makunyanzi madogo huchelewa kuonekana, mara nyingi kwa miaka mingi kuliko kwa Wazungu. Lakini melanini hailindi mfupa wala mafuta ya ndani. Kwa hiyo kwa Waafrika wengi alama ya kwanza ya umri ni kubonyea kwa sehemu ya katikati ya uso, chini ya macho na kwenye mashavu, ngozi ikiwa bado laini.

Kinga hiyo inapotea kwa anayejichubua. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, dawa kali ya jamii ya kortikoidi. Ikitumiwa miezi na miaka, inafanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa ya damu inaonekana. Ngozi nyembamba haiwezi kuficha mashimo yaliyo chini yake.

Wakati ambapo umri hauna kosa

Umri hufanya kazi polepole, kwa miaka. Uso unaokonda kwa wiki au miezi michache, pamoja na mwili wote, unahitaji kituo cha afya kabla ya kitu kingine chochote. Kukohoa kwa zaidi ya wiki mbili, homa ya jioni na jasho la usiku vinaelekeza kwenye kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure nchini Kongo. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara vinaelekeza kwenye ugonjwa wa sukari. Moyo kupiga mbio, mikono kutetemeka na jasho jingi vinaweza kutoka kwenye tezi ya shingo. Saratani pia huanza kwa namna hiyo kwa watu wengine, na kwa watoto na wazee njaa isisahauliwe.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi mashariki mwa Kongo wanaijua kwa macho. Wagonjwa wa kwanza waliopata dawa za virusi vya ukimwi, miaka ya 2000, walipewa mara nyingi mchanganyiko wenye stavudini. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini iliharibu seli za mafuta ya uso, mikono na miguu. Mashavu yaliingia ndani kwa namna ambayo jirani walijifunza kuitambua, na wengine waliacha dawa kwa kuogopa kutambuliwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliomba nchi ziachane na stavudini. Leo matibabu yanayopendekezwa yamejengwa juu ya dolutegraviri, ambayo haina madhara hayo. Kwa waliotumia stavudini zamani, mafuta hurudi polepole na si yote. Uso wao uliobonyea ni kovu la dawa ya zamani; hauonyeshi kwamba dawa za leo hazifanyi kazi, na si sababu ya kuziacha.

Kinini za kunenepesha: uso wa mwezi

Katika madirisha ya famasi na juu ya meza za sokoni, kinini mbili huuzwa mara nyingi pamoja kwa anayetaka kunenepa: deksametazoni na siproheptadini. Watafiti wa Kinshasa wamekwisha kuandika juu ya zoea hili kati ya wanawake wa mji huo, na mashariki mwa nchi si jambo geni.

Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inaleta hamu ya kula, na pia usingizi mzito. Deksametazoni ni hatari zaidi. Ni kortikoidi yenye nguvu karibu mara 25 kuliko homoni ambayo mwili unatengeneza wenyewe. Muganga anaitumia kwa sababu maalumu na kwa kipimo kinachojulikana. Mtu anayeimeza kila siku kwa ajili ya mashavu anapata uso wa mviringo kama mwezi, kwa sababu dawa inahamisha mafuta na kuyaweka usoni, shingoni na tumboni, pamoja na maji yanayobaki mwilini. Mikono na miguu inabaki myembamba, kwa kuwa misuli inaliwa.

Mfupa unalegea. Sukari na presha ya damu vinapanda. Kinga ya mwili inashuka, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Ngozi inakuwa nyembamba na kupasuka kwa mistari. Mtu anayeacha kinini hizo anaona mashavu yakirudi kuwa mashimo, na mfupa chini yake umepungua zaidi kuliko alipoanza.

Jambo moja halijulikani vya kutosha: aliyemeza deksametazoni kwa wiki nyingi asiache kwa ghafla. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo zimelala, kwa sababu dawa ilifanya kazi yao. Dawa ikikatwa siku moja, mwili unabaki bila homoni hiyo. Uchovu mkubwa, kutapika, presha kushuka, kuzimia, hata kifo vinaweza kufuata. Anayetaka kuacha aende kwa muganga, aseme ukweli wote bila haya, na apunguziwe kipimo hatua kwa hatua.

Matibabu ya kweli ni yapi?

La kwanza ni kinywa. Kutibu fizi, kuzuia jino kutolewa bila lazima, na kuweka meno ya bandia yenye kipimo kizuri hurudisha midomo na mashavu mahali pake. Kwa pesa inayotumika, hakuna kazi nyingine inayobadilisha sura ya mzee kama hiyo. Meno ya bandia yaliyochakaa nayo yanahitaji kubadilishwa, kwa sababu ufizi ulio chini yake unaendelea kupungua.

La pili ni sindano za kujaza uso. Inayotumika zaidi duniani ni asidi ya hialuroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho kwenye ngozi na viungo. Muganga anaipiga chini ya ngozi au karibu na mfupa, mahali palipopungua. Kazi yake hudumu kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18, kisha mwili unaimaliza. Ina faida moja kubwa: ikiwekwa vibaya, dawa iitwayo hialuronidazi inaweza kuiyeyusha. Kuna pia asidi ya polilaktiki, ambayo inaamsha mwili utengeneze kolajeni. Marekani iliiruhusu mwaka 2004, hasa kwa ajili ya watu wenye virusi vya ukimwi waliopoteza mafuta ya uso.

La tatu ni kuhamisha mafuta ya mgonjwa mwenyewe, kwa mfano kutoka tumboni au pajani, hadi usoni. Wazo hilo ni la zamani: Mjerumani Gustav Neuber alihamisha mafuta ya mkono ili kujaza kovu la uso mwaka 1893. Sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili katika miezi ya kwanza, nyingine hubaki kwa miaka mingi.

Kazi hizi si za saluni. Sindano ikiingia katika mshipa wa damu, kitu kilichopigwa kinaweza kuziba njia ya damu kwenda kwenye ngozi, ambayo itakufa, au kwenda kwenye jicho. Jicho lililokosa damu hupofuka ndani ya muda unaohesabiwa kwa dakika, na mara nyingi halirudi kuona. Sehemu za hatari zaidi ni kati ya nyusi, kwenye pua na kwenye paji la uso. Mwaka 2021 wakuu wa dawa wa Marekani walionya pia dhidi ya kalamu zinazosukuma dawa bila sindano, ambazo huuzwa kwa intaneti. Silikoni ya maji nayo haiyeyuki na inaweza kuleta uvimbe na vidonda miaka mingi baadaye.

Wataalamu wa kazi hii ni wachache mashariki mwa Kongo. Anayeitafuta, awe hapa au katika nchi jirani, aulize mambo manne kabla ya kulipa: anayepiga sindano ni muganga? Dawa inaitwa nani, na chupa inafunguliwa mbele yake? Hialuronidazi iko karibu? Na kukitokea shida usiku, atampigia nani simu? Asiyepata majibu aondoke.

Kwa asiyeweza kulipia hayo

Kofia pana au mwavuli mchana, kuacha sigara, na kuacha krimu za kuchubua vinalinda kolajeni iliyobaki. Maharagwe, ndagala, mayai na karanga vinasaidia misuli. Kupiga meno mswaki mara mbili kwa siku kunalinda mfupa wa taya. Anayetaka kupunguza kilo afanye hivyo polepole, kwa sababu baada ya miaka 50 kukonda haraka huonekana usoni kabla ya tumboni.

Na kwa jirani anayeuliza "kuko nini?", pengine swali lenye faida zaidi ni kama mtu huyo anakula vizuri, anakohoa, au anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitalini.