Kwa Nini Nguruwe Hutafunana Mikia, na Ngiri wa Garissa Hawafanyi Hivyo

Karani ahamishiwaye Garissa hustaajabu awaonapo ngiri wakila majani karibu na barabara pasipo hofu kubwa. Wenyeji wa huko, ambao wengi wao ni Wasomali na Waislamu, hawafugi nguruwe wala hawali nyama ya ngiri. Basi mnyama huyo hana sababu ya kumkimbia kila mtu ampitaye. Hupiga magoti ya mbele, akala majani mafupi na kuchimba mizizi kwa pua. Akishtuka hukimbia, na mkia wake mwembamba wenye shada la nywele husimama kama mlingoti.

Lakini mkulima wa Limuru afungaye nguruwe zizini huweza kuingia asubuhi akakuta damu ukutani, na nguruwe wawili watatu mikia yao imekuwa vigutu. Fisi hakuja. Wametafunana wenyewe kwa wenyewe.

Nguruwe wa kufugwa hakutokana na ngiri, bali na nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia. Hata hivyo wote ni jamaa moja, na pua zao zina kazi moja. Huko Scotland wataalamu Stolba na Wood-Gush waliwaachia nguruwe wa kufugwa uwanja wenye miti na majani, na mwaka 1989 wakaandika kwamba zaidi ya nusu ya mchana walikuwa wakifukua na kula majani. Sasa mweke mnyama wa namna hiyo juu ya sakafu ya saruji, umpe chakula alichokimaliza kwa dakika chache. Pua yake itafanya nini mpaka jioni? Huuona mkia wa mwenzake. Msongamano, hewa nzito, kugombania hori, upungufu wa chumvi na ugonjwa huzidisha ubaya huo. Na damu ikitoka mara moja, wengine huifuata.

Hasara yake si mkia tu. Uchafu hupanda kwa njia ya uti wa mgongo, ukaleta majipu hata mapafuni, na mkaguzi wa nyama huweza kuitupa. Wengine hukata mikia ya vitoto mapema, lakini Umoja wa Ulaya umekataza katika sheria yake ya mwaka 2008 jambo hilo lisifanywe kama desturi, kwani sababu yenyewe hubaki zizini. Afadhali kuwapa majani makavu au mabua ya mahindi kila siku, kuwapunguza wakisongamana, na kumtenga upesi yule atafunaye, pamoja na kumtibu aliyejeruhiwa.

Je, tuwafungulie watembee porini kama ngiri? La! Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa mara ya kwanza hapa Kenya na daktari wa mifugo Montgomery, mwaka 1921. Ngiri huweza kuwa na vijidudu vyake asiugue, lakini nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi, wala hakuna dawa ya kumponya. Tena lile shimo ambalo ngiri huliingia kinyumenyume, mkia ukitangulia, ndimo wakaamo papasi wanaoueneza ugonjwa huo. Mkulima atakaye kuwapa nguruwe wake uwanja wa kufukua, na auzungushie kwanza ua imara ambao ngiri hawezi kupenya wala kuchimba chini yake.