Afya: Mushipa mukubwa wa tumbo ukivuja nyuma ya upasuaji, roboti inasaidia namna gani?

Mutu alikuwa na uvimbe kwenye mushipa mukubwa wa tumbo. Wanganga wakautengeneza, akarudi nyumbani akisikia muzuri. Nyuma ya miaka miwili, skanere inaonyesha kama ule uvimbe unaendelea kukua. Inawezekana namna gani?

Mushipa huo unaitwa aorta. Unatoka kwenye moyo na unapita tumboni ukipeleka damu upande wa miguu. Kwa kawaida, tumboni upana wake ni karibu santimetre 2. Tumbaku, tansyo ya juu na uzee vinaulegeza, unavimba sawa vile mupira wa ndani wa kinga. Ukifika santimetre 5,5 kwa mwanaume, wanganga wanashauri kuutengeneza, juu ukipasuka, mugonjwa anaweza kufa mbele ya kufika hospitali.

Mwaka 1990, munganga Juan Parodi wa Buenos Aires, kule Argentina, alionyesha njia isiyopasua tumbo. Wanapitia kwenye kinena na kuingiza tiyo ya kitambaa yenye wavu wa chuma. Damu inapita ndani ya tiyo, uvimbe unabaki pembeni bila kusukumwa.

Lakini kuna mishipa midogo inayoungana na sehemu ile iliyovimba: ya mugongo, na mumoja wa matumbo. Damu inaweza kurudi kinyume kupitia humo na kuujaza uvimbe tena. Mara nyingi uvujaji huo unaisha wenyewe. Uvimbe ukizidi kukua, kwanza wanganga wanajaribu kuziba mishipa hiyo kutokea ndani, kwa nyuzi za chuma ao gundi. Ikishindikana, roboti ni moja ya njia zinazobaki.

Roboti haipasui yenyewe. Mikono yake ya chuma inaingia tumboni kupitia vitundu vidogo, pamoja na kamera. Munganga anakaa pembeni, macho kwenye picha, na vidole vyake ndivyo vinaongoza ile mikono. Anafika mpaka nyuma ya aorta, karibu na uti wa mugongo, na kufunga mishipa inayovuja kwa vibanio vidogo. Pale Prague, hospitali Na Homolce, kundi la munganga Petr Štádler linatumia roboti kwa aorta tangu 2005, na limetibu pia uvujaji wa namna hii.

Faida ni kidonda kidogo na mugonjwa kurudi nyumbani mapema. Shida ni bei ya mashini na uchache wa wanganga waliojifunza. Tena damu ikitoka nyingi, lazima kufungua tumbo.

Kwa mutu aliyewekewa tiyo inje ya inchi na kurudi Bukavu, Goma ao Bunia, jambo la kwanza ni kontrole. Uvujaji hauumi, hauonekani kwa macho. Kwa kawaida skanere inapigwa nyuma ya mwezi mumoja, kisha mara moja kwa mwaka. Ekografi nayo inaweza kupima upana wa uvimbe. Karatasi za upasuaji na picha za zamani zisitupwe, juu bila hizo munganga hawezi kulinganisha. Na maumivu makali ya gafula ya tumbo ao ya mugongo: ni kukimbia hospitali saa ile ile.