Mabinti watano na daftari la wapiga kura



Mpendwa msomaji, leo fungua Kitabu cha Hesabu. Sura ya 26 ni majina matupu, ukoo kwa ukoo, na wengi wetu huiruka. Nami naungama, tangu seminari nilikuwa nairuka. Humo yametajwa majina ya mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao amefia jangwani bila mtoto wa kiume. Wameandikwa, lakini urithi hawana. Sura ya 27 inawaonyesha wakisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani na kusanyiko lote, wakidai sehemu yao. Mungu akasema wana haki, na sheria ikabadilishwa.

Niliwakumbuka Jumapili moja ya mwaka 2024, hapa Tabora. Baada ya Misa ya pili nilimuuliza kijana mmoja, kibarua wa mashamba ya tumbaku, kama amejiandikisha. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na wakati huo ulikuwa umefika kwetu. Akacheka kwa adabu. "Padre, nijiandikishe ya nini? Wagombea wenyewe wanakatwa kabla mimi sijafika kituoni."

Sikumkemea. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, na chama tawala kikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Kijana hakuota.

Lakini swali lake si geni katika mji huu. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa kura, ila kwa chekeche la matundu madogo: uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Tena ulilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Katika nchi ya watu karibu milioni 9, waliojiandikisha hawakufika laki moja. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo kwa njia ile yenye miembe, wakahesabiwa kwa mizigo. Wajukuu wakahesabiwa kwa pauni.

Wengi walitaka kususia, na hoja yao ilikuwa nzito: ukiingia katika mchezo wa dhuluma, si umeubariki? Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu alikataa, akaondoka kuanzisha chama chake. Wagombea waliobebwa na TANU walishinda, na haikuchukua muda kura tatu zikafutwa.

Mimi hunigusa zaidi wale waliokosa sifa. Wanachama wengi wa TANU hawakuwa na kura hata moja, akina mama hasa, ambao shule hawakupelekwa. Hawakukaa nyumbani. Waliuza kadi, wakachangisha, wakawahimiza wenye kura.

Sisemi mlango uliopinda tuuite umenyooka. Anayekata jina la mwenzake bila haki ana la kujibu mbele ya Mungu, hata akipokea Komunyo kila Jumapili. Nasi mapadre tunaomwona tukanyamaza, tuna letu.

Hata hivyo, kijana, usijikate mwenyewe. Mwaka 2024, aliyekuwa atimize miaka 18 kabla ya uchaguzi mkuu wa 2025 aliandikishwa. Aliyehama kata au jimbo kufuata kazi aliweza kuhamisha taarifa zake. Na uchaguzi wa mitaa wa mwishoni mwa 2024 ulikuwa na orodha yake, daftari hili halikutosha. Wazazi, waulizeni wanenu. Viongozi wa VIWAWA, msingoje tangazo la padre.

Yule kibarua nilimwambia aje Jumatatu asubuhi, twende naye kituoni. Alisema ataomba ruhusa kwa tajiri wake, kama atapewa.