Makato ya SHIF na ile kadi ya kampuni

Itazame hati yako ya mshahara. Tangu Oktoba 2024, palipokuwa na makato ya bima ya zamani ya afya ya serikali ya Kenya, NHIF, pamekaa ya bima mpya, SHIF, na kiasi hakitoki tena kwenye jedwali la viwango: ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, kima cha chini shilingi 300, na kikomo cha juu hakuna. Aliyelipwa 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa 550. Wa 200,000 alikatwa 1,700, sasa 5,500.

Mwenye nacho kuchangia zaidi ni haki. Kinachoniuma ni mchango ambao haumo kabisa, wa mwajiri. Kwa jirani zetu Tanzania, mchango wa NHIF yao ni asilimia 6, nusu mfanyakazi, nusu mwajiri. Huku Kenya mwajiri anakata na kuwasilisha tu. Mfuko wake mwenyewe hauguswi.

Kwa hiyo ile kadi ya bima ya kampuni, inayokupokelesha hospitali ya kibinafsi, imebaki hiari ya mwajiri. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi mgonjwa anapata dawa, na ikiwezekana matibabu akizidiwa. Lakini kifungu hicho hicho kinamwondolea wajibu huo mfanyakazi anapokuwa chini ya bima iliyoundwa kisheria. SHIF ni bima ya namna hiyo. Mwajiri anayetaka kubana matumizi ana pa kushika.

Hata asiyetaka kubana hubanwa. Mgonjwa akilazwa na kadi zake mbili, sehemu ya bima ya serikali hutolewa kwanza kwenye bili, bima ya kampuni ikalipa salio, na ada ya mwaka hupangwa kwa kutegemea hivyo. Sehemu ile isipoidhinishwa, bili nzima huangukia kadi ya kampuni, kikomo cha kulazwa huisha upesi, na mkataba ukihuishwa ada hupanda. Hapo ndipo huondolewa kwenye bima huduma za meno na miwani, kisha wazazi wa mfanyakazi.

Kabla mkataba wa kazini kwenu haujahuishwa, iulize ofisi ya rasilimali watu swali moja: SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, isipolipa sehemu yake, sehemu hiyo italipwa na nani? Dai jibu la maandishi.