Twiga asubuhi, ziwa jioni: plani ya mbogi ya Dzaleka

Maze wasee, kuna kitu moja Malawi inashinda nayo zile nchi kubwa za safari, na watu hawaibongangi. Kenya ukitaka simba wa Mara na bahari kwa trip moja, unakatiza nchi nzima ndo ufike Diani. Bongo ni vile vile: Serengeti iko huku, Zanzibar iko kule, katikati ni ndege ama barabara ndefu na boti. Hapa kwetu twiga na mchanga viko wilaya moja, Salima. Asubuhi unacheki pundamilia kwa hifadhi ya Kuti, jioni uko Senga Bay, miguu ndani ya maji ya Ziwa Malawi. Dzaleka mpaka Lilongwe ni kama kilomita 45, Lilongwe mpaka Salima mjini kama 100, na Senga Bay ni 20 hivi zingine. Kuti yenyewe iko hapo hapo karibu na Salima.

Na bado kuna wasee wamezaliwa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wamemaliza fomu foo, na hilo ziwa wanalijua kwa simu tu. Kambi ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa jela ya kisiasa enzi za Kamuzu Banda, ikapangiwa watu kati ya elfu 10 na elfu 12. Sa hii tuko zaidi ya elfu 50. Baadhi ya zoni zetu zina majina ya mataoni ya Malawi: Blantyre, Zomba, Karonga. Dogo anazaliwa Zomba ya kambini, anapiga boli na madogo wa Blantyre ya kambini, na ule mlima wa Zomba wenyewe hajawahi kuuona. Hiyo kitu inaniuma sana.

Sisi si watu wa kuogopa maji. Cheki mbogi yako: huyu ni wa Uvira, huyu wa Baraka, yule mathee yake alikuwa akiuza ndagala Rumonge. Ni watoto wa Tanganyika, wengine walijua kuogelea kabla hawajajua kusoma. Wazazi wengi walivuka mpaka wa Songwe, wakaingia Karonga, basi likafuata ufuko mpaka Chiweta, ziwa likiwa upande wa kushoto njia nzima. Walilipita na hofu, watoto mapajani, hawajui usiku watalala wapi. Mimi nataka walione tena wakiwa wamejipanga, na kofia kichwani na chambo kwa sahani.

Sasa tuingie kwa plani. Mbogi nyingi huanza na luku: nani atavaa nini, nani ana spika, nani atapiga mapicha. Anza na karatasi, buda. Malawi iliingia kwa ule Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, na ikaweka masharti yake, moja likiwa juu ya mkimbizi kutembea na kukaa anakotaka. Machi 2023 serikali ikatoa amri wote wanaoishi nje warudi Dzaleka, mwisho 15 Aprili, na Mei karau wakaanza kuwabeba watu. Familia zilipoteza maduka na shule katikati ya muhula. Naona hii sheria inatubana kupita kiasi, na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Lakini trip haifai kuishia selo, na njiani vizuizi vya polisi haviishi.

Kwa hivyo andikeni barua moja ya mbogi nzima ya kuomba kibali cha kutoka kambini. Weka jina la kila mtu na namba ya kitambulisho, siku ya kutoka na siku ya kurudi, mahali mtalala, namba ya gari na simu ya dere. Kama kuna kanisa, shule ama kikundi cha sanaa kinachotambulika, barua itoke kwao, itakuwa na uzito. Kibali kiombwe wiki kadhaa mapema, na kikitoka toeni nakala: dere abaki na yake, kiongozi abaki na yake, ingine ikae ndani ya begi. Msee ambaye jina lake halimo kwa kibali asipande gari, hata kama ni beshte wa damu. Hapo msioneane haya, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwarudisha wote.

Doo nayo ina akili yake. Iwe likelemba ya Wakongo ama banki mkhonde ya Wamalawi, njia ya kuchanga tunaijua tangu kitambo. Shida ni kwacha. Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mpigo mmoja, na aliyekuwa ameficha ganji chini ya godoro aliona vile ilinyauka. Usichange mwaka mzima. Changeni miezi mitatu, na kila pesa ikiingia igeuzwe kitu: lipa kianzio cha gari, nunua mchele, mafuta, sukari, makaa. Vitu havishuki thamani. Kitu itakula doo mingi ni gari, kwa hivyo mkiwa kumi na wawili ama kumi na wanne mkajaza minibasi moja ya kukodi, kila mtu anaumia kidogo tu. Unaweza kwenda na mat za kawaida, Lilongwe kisha Salima, halafu matola ama kabaza mpaka ziwani, lakini ukiwa na mizigo na sufuria hiyo ni kuchoka kabla hujafika.

Kuti ndo naipendea kitu kimoja: haina simba wala ndovu. Najua kuna msee atasema bila simba hiyo si safari. Zii. Kwa sababu hakuna wa kukurarua, unaruhusiwa kushuka ukatembea kwa miguu, ama ukazunguka na baiskeli. Huko kuna twiga, pundamilia, palahala wenye pembe za kupinda nyuma, nyala, ngiri. Kuona twiga ukiwa umekaa ndani ya gari ni sawa. Kusimama chini kwa majani, bila kioo, yeye anakuangalia na anaendelea kutafuna, hiyo inakukaa mwilini. Madogo wa kambi wamezoea kuchekiwa na watu wenye mafaili na kamera. Wacha siku moja wawe wao wanaocheki. Ila pigeni simu mapema muulize bei ya kuingia, kwa maana bei za mbuga huku hupangwa kwa makundi: raia, mkaazi, mgeni wa nje. Ulizeni kitambulisho cha mkimbizi kinaingia kundi gani, wawajibu kabla hamjatoka, msije mkaanza kuteta getini na watoto wamechoka.

Saa nane hivi ingieni gari, mshuke Senga Bay. Wavuvi wako hapo, usipa wameanikwa kwa vichanja, chambo na kampango wananunuliwa moja kwa moja kwa mtumbwi. Hapa ndo ile mchele na makaa yenu inafanya kazi. Mbogi yenye msee mmoja anayejua kukaanga samaki na mwingine anayejua sombe haihitaji hoteli. Laleni kwa mahema ama kwa vyumba vya bei ya chini, na msisahau neti, malaria ya ziwani haina huruma.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kama kilomita 580, kuna mahali kina chake kinafika mita 700, na linashinda maziwa yote duniani kwa aina za samaki. Ni kubwa na lina hasira zake. Juni mpaka Agosti kunavuma upepo wa mwera, mawimbi yanapanda, maji yanakuwa baridi. Novemba mvua inaanza kuingia. Septemba ndo mwezi wangu: upepo umetulia, miti porini imepukutika, wanyama wanaonekana wakitafuta maji. Kabla ya kuruka ndani ulizeni wavuvi wapi pana mamba na viboko, na mkae mbali na matete na midomo ya mito. Hayo matete pia ndo makao ya konokono wa kichocho. Hata mkichunga, hesabuni kama miezi miwili baada ya trip, kisha muende kliniki muulize kuhusu dawa ya prazikwanteli. Wengi huogelea wakasahau, halafu mwaka unaofuata mtu anakojoa damu.

Kama mbogi imeomoka kidogo, nyoosheni mpaka Nkhotakota. Hifadhi iko milimani, ziwa liko chini, na kati ya 2016 na 2017 shirika la African Parks lilihamishia huko ndovu kama 500 kutoka mbuga za Liwonde na Majete. Na mjini Nkhotakota Kiswahili kilifika kabla yetu sisi: miaka ya 1840 Jumbe Salim bin Abdallah alitoka pwani ya Zanzibar akajenga hapo, akavusha pembe za ndovu na watumwa. Livingstone, yule mpelelezi, alipita 1861. Ukisimama ufukoni pale, jua kuna watu walipandishwa majahazi hapo kwa nguvu. Wazee wenu wakiwa kwa trip, waacheni wawabongeshe madogo juu ya hiyo stori.

Liwonde na Cape Maclear ni za siku doo imejaa kabisa. Liwonde ina mto Shire na viboko wa kufa mtu, duma walirudishwa 2017 na simba 2018. Cape Maclear ina wale samaki wadogo wa rangi, mbuna, ndani ya mbuga iliyoingizwa kwa urithi wa dunia wa UNESCO 1984. Lakini mwendo ni mrefu, na kibali cha siku nyingi ni kigumu zaidi. Na mkipewa siku moja tu, msikatae: kituo cha wanyamapori cha Lilongwe kina nyani na wengine waliookolewa kwa watu waliowafunga minyororo, na kiko mjini kabisa.

Tangu 2014 tamasha la Tumaini linaleta wageni Dzaleka, wanalala kwa nyumba zetu, wanadishi kwetu, wanaondoka wakisifu. Kukaribisha wageni tunajua. Sasa na sisi tuwe wageni wa mtu. Wiki hii tafuta watu kumi na wawili unaowaamini, chagueni mshika doo mmoja na mwandishi wa barua mmoja, andikeni majina. Na nafasi mbili za gari mziweke kwa mathee ama mzee ambaye ziwa aliliona mara moja tu, kwa dirisha la basi.