Kilo Zinaanguka Mbio, Halafu Zinasimama: Sababu Gani?

Ndugu mfanyakazi, labda jambo hili limekupata wewe pia. Umeacha pombe ya kila siku, umepunguza bukari ya usiku, na katika siku za kwanza kilo zinaanguka mbio. Suruali inataka mshipi. Unafurahi. Mwezi wa pili unapanda tena kwenye mizani, sindano inakaa palepale. Unasema: kazi bure! Na jioni ileile unarudi kwenye chupa.

Dereva mmoja wa lori la mawe alikuja dispanseri na kilo 104 na tansio ya juu. Tulimpa vidonge, tukamfundisha namna ya kula. Alisikia vizuri: siku 10 za kwanza alipoteza kilo 4. Lakini juma la 7 hakupoteza hata gramu 100, akaniambia: « Munganga, mizani yako imekufa. » Nikapanda mimi mwenyewe mbele yake, mizani ilikuwa nzima. Halafu nikamwuliza habari ya vidonge. Kumbe alikuwa ameviacha tangu zile kilo 4, akifikiri amepona! Tansio yake siku ile ilikuwa 18 kwa 11. Mtu wa namna hiyo anaweza kupooza upande mmoja akiwa kwenye usukani, na wenzake wanapita karibu na magurudumu.

Basi sikiliza vema. Kilo zile za kwanza, sehemu kubwa ni maji. Mwili unaweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukianza kula kidogo, mwili unatumia akiba hiyo kwanza, na maji yake yanatoka katika mkojo. Ukipunguza na chumvi, maji yanatoka zaidi. Ndiyo maana mizani inashuka mbio.

Baadaye unakuja mwendo wa kweli, ule wa kuyeyusha mafuta ya mwili, nao ni wa polepole. Kilo 1 ya unene inashika karibu kalori 7,700. Chupa kubwa ya bia ina kalori 300 hivi. Mwenye kuacha chupa 2 kila siku, bila kuongeza kitu kingine, anahitaji karibu majuma 2 ili kilo 1 ya mafuta iondoke. Fikiri tena: miaka mingapi ulizipanda kilo hizo?

Na hata mwendo huo unapungua. Mwili wa kilo 95 unatumia nguvu kidogo kuliko ule wa kilo 104, kama lori tupu linavyokunywa mazuti kidogo. Njaa nayo inaongezeka, na mkono unaanza kusahau: kijiko kimoja zaidi cha mawese katika sombe, vitumbua viwili asubuhi. (Kijiko kikubwa cha mafuta, peke yake, ni kalori 120.) Kwa wengi, kufika mwezi wa 6 au zaidi, mizani inasimama kabisa. Hiyo si aibu. Mwenye kilo 100 akipoteza 5 tu na asizirudishe, mara nyingi tansio na sukari ya damu vinaanza kushuka.

Wengine wakiona mizani imesimama, wanataka kuilazimisha: wanashuka mgodini bila kula, wanakataa maji. Hapana! Kwenye joto, kizunguzungu kinaua. Lita 1 ya jasho ni kilo 1 kwenye mizani, lakini ukinywa inarudi, na lazima urudishe. Pima mara moja kwa juma, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, umekwisha kwenda chooni, bila viatu vya kazi. Chukua na kamba, zungusha tumbo kwenye kitovu, piga fundo. Mara nyingine mizani inakataa, lakini fundo linasogea.

Vidonge vya tansio usiviache mwenyewe. Na wewe mwenye ugonjwa wa sukari, uje tukuone kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dawa ileile inaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Ninyi mama wa nyumbani, mnajua maneno ya majirani: « Mume wako anakonda, ana ugonjwa gani? » Kama anakonda kwa sababu mmepunguza mafuta na pombe, waacheni waseme. Lakini kama anakonda na hakubadilisha kitu, anakohoa zaidi ya majuma 2, analoa jasho usiku, hiyo ni habari nyingine. Kifua kikuu kinawapenda watu waliovuta vumbi la mawe. Mtu huyo aje dispanseri kesho asubuhi, asingoje kupimwa kwa mwaka.