Sura ya Saba: Mgeni Ashike Upande wa Kichwa

Njombe, Iringa na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania. Mahindi na maharage yake yanashuka Dar es Salaam kwa malori, viazi vyake ndivyo chipsi za mjini, na maparachichi ya Njombe yanauzwa hadi Ulaya. Katika mikoa hiyohiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa Iringa na Njombe, na karibu nusu Rukwa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Huko ndiko wanakopangiwa baadhi ya vijana wa Kimarekani wanaokuja kujitolea katika afya ya jamii, na kazi yao inatuonyesha vizuri mtu wa kujitolea ugenini anaweza nini na hawezi nini.

Shirika lao, Peace Corps, lilianzishwa na Rais Kennedy Machi 1, 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulipokea. Kundi la mwanzo lilikuwa la wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Afya ilifuata baadaye. Muda wa kazi ni miezi 27: kama mitatu ya mafunzo, wakilala kwa familia mwenyeji na kujifunza Kiswahili, kisha miaka miwili kijijini. Hawana mshahara, wana posho ya kujikimu. Na hawatibu: hawachomi sindano, hawazalishi, hawagawi dawa.

Hilo la mwisho ndilo gumu kueleweka. Mzungu aliyeletwa na gari na kutambulishwa zahanati, nani atamwita jina jingine zaidi ya daktari? Wiki za mwanzo hubishiwa hodi na mwenye jino, mwenye jipu, mama mwenye mtoto anayechemka homa. Jibu zuri ni fupi: "Shikamoo mama. Mimi si daktari, lakini twende zahanati, nakusindikiza." Akilirudia bila kuchoka, watu wanamzoea yeye na wanazidi kumwamini mganga wao wa zahanati. Akianza kugawa vidonge vyake mwenyewe, amemvunjia mwenzake heshima mbele ya wateja wake.

Sasa turudi kwenye udumavu, maana ni tatizo linalojificha. Mtoto mwenye utapiamlo mkali kila mtu anamwona: mbavu zinahesabika, au miguu imevimba. Aliyedumaa anacheka, anakimbia, mashavu yamejaa. Ukimpima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, anaweza kusoma kijani kabisa, kwa sababu utepe unatafuta ukondefu. Urefu wake tu ndio umepungua kwa umri wake, na majirani hawaoni kasoro kwa kuwa watoto wao wako vivyo hivyo. Kliniki nyingi za kijijini humning'iniza mtoto kwenye mizani, zikaandika kilo kwenye kadi, basi. Pasipo ubao wa kupimia urefu, tatizo hili halina ushahidi.

Ubao huo unahitaji watu wawili. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali. Mmoja anashika kichwa kiguse kibao cha juu, macho yakitazama moja kwa moja juu. Mwingine ananyoosha magoti kwa mkono mmoja, kwa mwingine anasogeza kibao mpaka kwenye nyayo, kisha anasoma namba. Mtoto analia, mama anamwimbia. Ushauri wangu kwa mgeni yeyote: shika upande wa kichwa. Namba isomwe na mhudumu wa afya wa kitongoji, aiandike kwa mkono wake kwenye daftari, na yeye ndiye amweleze mama. Mwanzoni kazi itakwenda polepole, na iende hivyo.

Sababu yake ni kwamba maelezo yenyewe yanataka mwenyeji. Akina mama wa huko makundi ya vyakula wanayajua, wameyasikia kila wanapokwenda kliniki. Tatizo liko kwenye saa za siku. Msimu wa palizi mama anatoka alfajiri, na mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake mdogo na chupa ya uji wa mahindi mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo, linajaa maji kabla ya kupata chakula. Mayai yapo, ila ndiyo fedha ya daftari na sabuni. Mgeni akisimama kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kuhubiri mayai, atapigiwa makofi na hakuna kitakachobadilika. Mhudumu anayejua nyumba gani ina bibi wa kubaki na mtoto, na baba gani anasikiliza, atapendekeza kitu kinachowezekana: uji mzito kidogo, karanga zilizosagwa, parachichi lililopondwa ambalo mnunuzi amelikataa kwa udogo.

Sababu nyingine ni kwamba mgeni huondoka. Machi 2020, korona ilipoenea, Peace Corps iliwarudisha kwao wafanyakazi wake wa kujitolea wote duniani, karibu 7,000, kwa muda mfupi sana. Palipokuwa na mwenyeji aliyezoea kusoma namba, daftari lilikuwa na mtu wa kuliendeleza.

Mwenyeji huyo kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo bila malipo ya uhakika, huku mwenzake wa kigeni akiwa na posho na matibabu yanayogharamiwa na shirika lake. Inaniuma kila ninapoifikiria. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wakiwa na mafunzo na posho. Pia halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Fedha hiyo haiji yenyewe kijijini. Inafuatwa na mtu mwenye takwimu zilizopangwa, na hapo mgeni anayejua kuandika barua na kuchora jedwali ana kazi ya maana: kukaa na mhudumu jioni, kujumlisha daftari la mwaka, kisha kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji, mhudumu akiwa ndiye msemaji.